Hoteli ya Deira au ya Sharjah? Na ile hela wanayoishika kwenye kadi inakwenda wapi?

SWALI: "Shikamoo mama. Nauza madera na mapazia Makoroboi hapa Mwanza. Mwezi wa nane nakwenda Dubai kufuata mzigo, ni mara yangu ya kwanza, na nitakuwa na mama mdogo ambaye magoti yanamsumbua. Nimeona hoteli ya nyota tatu Deira, wanasema iko katikati ya jiji, dirham 210 kwa usiku. Tutalala usiku sita. Unalipa ukifika, lakini wanataka namba ya kadi. Wenzangu sokoni wananiambia kulala katikati ya jiji ni kula mtaji, niende Sharjah nitapata kwa nusu ya bei. Halafu jirani yangu wa kibanda alikatwa dirham 1,000 kwenye kadi siku aliyofika hotelini, na siku ya kuondoka akalipa tena bili yote taslimu. Ile 1,000 ilirudi baada ya wiki tatu, yeye ameshajua ameibiwa. Mimi nina kadi moja tu ya benki na mtaji wote umo humo. Visa bado naisubiri. Nifanyeje?"

JIBU:

Marahaba mwanangu. Kabla sijarudi Mwanza kufungua ofisi ya safari nilifanya kazi mapokezi ya hoteli kule Deira, na hili la hela kushikwa kwenye kadi limewaliza wafanyabiashara wengi mbele ya macho yangu. Nitaanza nalo, kwa sababu bei ya chumba ikikosewa utapoteza kidogo, lakini kadi yenye mtaji wote ikishikwa vibaya unaweza kusimama dukani na orodha ya mzigo mkononi usiweze kununua.

Jirani yako hakuibiwa, na kwa kweli siku ile ya kufika hakukatwa. Hoteli haikuichukua dirham 1,000 yake, iliiomba benki iishike. Chukua mfano wa Mwaloni pale Kirumba. Unamwambia mwenye dagaa akuwekee magunia kumi, wewe unakwenda kutafuta gari. Magunia bado ni yake, lakini yametengwa pembeni, na mteja mwingine akija hauziwi mpaka wewe urudi kulipa au useme basi, nimeghairi. Hela ya jirani yako ilitengwa hivyo hivyo: ilibaki kuwa yake, akawa hawezi kuigusa.

Ndani ya mashine mambo huenda hivi. Mhudumu anachomeka kadi na kuandika kiasi. Ombi linakwenda benki ya hoteli, linapita kwenye mtandao wa kampuni ya kadi, Visa au Mastercard, linafika benki yako huku nyumbani: mwenye kadi hii ana dirham 1,000? Benki yako ikijibu anazo, papo hapo inakitenga kiasi hicho kwenye salio lako, kikiwa kimegeuzwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo. Ni sekunde chache tu. Ujumbe unaingia kwenye simu, na mara nyingi hautofautishi hela iliyotengwa na hela iliyolipwa, wewe unachokiona ni salio limeshuka. Karatasi inayotoka kwenye mashine ndiyo inayosema ukweli, maana huandikwa kwamba hiyo ni idhini na si malipo, ila imeandikwa kwa herufi ndogo na msafiri amechoka, ana mabegi, anataka ufunguo.

Siku ya kuondoka kuna njia mbili zilizo halali. Ama hoteli inalikamilisha lile ombi la mwanzo kwa kiasi ulichotumia, na kinachozidi kinaachiwa; ama unalipa kwa njia nyingine na hoteli inatuma ujumbe wa kulifuta ombi. Jirani yako alilipa taslimu, kwa hiyo kazi ya mhudumu ilikuwa kufuta. Inawezekana hakufuta, na inawezekana alifuta lakini benki ikachelewa. Ujumbe wa kufuta usipofika, hela inakaa mpaka muda wa ombi uishe wenyewe, na kwa hoteli muda huo unaweza kufika siku 30 kutegemea mtandao wa kadi na benki. Wiki tatu za jirani yako zinaangukia humo.

Kuna kosa jingine ambalo huwapata wale wanaolipa kwa kadi ile ile. Mhudumu mgeni kazini, badala ya kukamilisha ombi la mwanzo, anafungua malipo mapya. Sasa hela iliyotengwa bado imetengwa na bili imelipwa juu yake, na mwenye kadi anaona amekatwa mara mbili. Ukifika siku ya kutoka, kabla hujaingiza namba ya siri, mwambie mhudumu afunge ile idhini ya siku ya kwanza, asianzishe malipo mapya. Mhudumu anayeijua kazi yake atakuelewa. Akisita, mwite msimamizi wa zamu.

Kwa nini hoteli hufanya hivi? Kwa sababu inakukabidhi chumba chenye friji ya vinywaji, simu, runinga na mataulo kabla hujalipa, na haikufahamu. Wapo wageni wanaoondoka alfajiri na bili. Sioni ubaya wa amana yenyewe, yaani hiyo hela inayoshikwa kama dhamana. Ubaya ninaouona ni wa hoteli isiyomweleza mgeni kiasi gani kinashikwa na kitaachiwa lini.

Sasa ujue tofauti ya kadi. Mwenye kadi ya mkopo akishikiwa dirham 1,000, kinachopungua ni kiwango alichoruhusiwa na benki kukopa, hela zake mwenyewe hazijaguswa. Wewe una kadi ya kawaida inayotoa moja kwa moja kwenye akaunti, kwa hiyo kinachoshikwa ni mtaji. Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja ni kama dirham 3.67, kwa hiyo dirham 1,000 ni takriban dola 272. Piga hesabu ni mabunda mangapi ya mapazia, utaona kwa nini nasisitiza.

Kwa hiyo usisafiri na kadi hiyo moja. Nenda benki ufungue akaunti ya pili, ya safari tu, yenye kadi yake, kisha uweke humo hela ya chumba, amana na akiba kidogo. Kadi hiyo ndiyo utakayoitoa hotelini. Yenye mtaji ibaki pochini, mapokezi wasiione. Ukiwa hapo benki ongea na mtu wa dawati ana kwa ana, usiishie kwa mlinzi wala kwenye simu ya huduma kwa wateja. Muulize kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje ya nchi, kikomo cha kutumia kwa siku ni kiasi gani, makato ya kubadilisha fedha ni asilimia ngapi, na hoteli ikishika hela halafu ikafuta, benki yao huchukua siku ngapi kuiachia. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi, nalo ndilo lililomliza jirani yako.

Njia nyingine ni kutoa amana taslimu. Hoteli nyingi za Deira huipokea, kwa sababu wageni wao wengi ni wafanyabiashara kama wewe wanaotembea na fedha mkononi. Waandikie mapema uulize kama wanakubali na ni kiasi gani. Ukitoa, dai risiti yenye jina lako, namba ya chumba, kiasi na neno linaloonyesha ni amana ya kurudishwa, halafu uitunze mahali unapotunza tiketi. Wasipokuwa na risiti, usitoe. Na wakikwambia uache pasipoti kama rehani, kataa kwa adabu. Kuichukua wakaitoa kopi na kukurudishia ni utaratibu wa kila hoteli kule, lakini kulala nayo kwenye droo yao ni jambo jingine. Pasipoti ni mali ya serikali iliyokupa.

Zile kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu zinafaa kulipia chumba kabla ya safari. Mapokezi hazina msaada mkubwa, kwani mhudumu anataka plastiki ya kuchomeka kwenye mashine.

Mashine ikikuuliza unataka kulipa kwa dirham au kwa sarafu nyingine, chagua dirham. Ukichagua nyingine, anayepanga kiwango cha kubadilisha ni mwenye mashine, na hatapanga cha kukupendelea.

Tuje kwenye ile 210. Karibu kila mtu anayekwenda mara ya kwanza hupiga mara sita akapata 1,260 na kuamini hiyo ndiyo bili. Soma maandishi madogo chini ya bei. Bei ikiwa haijajumuisha kodi na tozo, kule Dubai kwa kawaida huongezwa asilimia 10 ya huduma, asilimia 7 ya manispaa, na VAT ya asilimia 5 ambayo ilianza Januari 2018. Juu ya hapo kuna tozo ya utalii inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, kati ya dirham 7 na 20 kulingana na nyota, na kwa nyota tatu ni dirham 10. Ukijumlisha vyote, 210 yako inakaribia 268 na usiku sita unafika kama dirham 1,600. Tozo ya utalii mara nyingi hudaiwa mapokezi hata kama chumba ulishakilipia chote, kwa hiyo usije ukagombana na mhudumu kwa hiyo. Kama bei yako imeandikwa kwamba kodi zimo, mshukuru Mungu, itabaki hiyo tozo peke yake.

Sharjah sasa. Wenzako hawakudanganyi, vyumba vya kule huwa vya bei ya chini, na ukikaa huko unaweza kuokoa hata dirham 700 au 800 kwa siku zako zote. Ila wanahesabu kitanda tu. Sharjah ni emireti nyingine, yaani dola ndogo yenye mtawala wake ndani ya nchi ile ile, ina sheria zake, na metro, treni ya mjini ya Dubai, haifiki huko. Unakwenda kwa basi kutoka kituo cha Union, au kwa teksi ambayo huongeza malipo ya kuvuka mpaka wa emireti, na barabara ile asubuhi na jioni husimama. Mtu anayelala Sharjah na kununua Deira hutumia saa nzuri za siku akiwa amekaa ndani ya gari.

Na kuna jambo ambalo hutalijua mpaka ufike. Maduka mengi ya masoko ya zamani ya Deira hufungua kama saa nne asubuhi, hufunga saa saba mchana, kisha hufungua tena saa kumi hadi saa nne usiku. Ijumaa asubuhi mengi hayafunguliwi mpaka baada ya swala. Mwezi wa nane joto la Dubai hupita nyuzi 40, na upepo wa bahari unaleta unyevu tu. Sisi huku ziwani tukilalamikia jua la saa nane bado kuna mwembe wa kukaa chini yake. Sasa mfikirie mama mdogo na magoti yake kuanzia saa saba hadi saa kumi, hoteli iko Sharjah, mkononi mna mifuko minne ya sampuli. Mtakaa wapi? Anayelala Deira anarudi chumbani, anatua mzigo, anaoga, anaswali, analala kidogo, saa kumi anashuka tena akiwa mzima. Chumba cha katikati ya jiji kwa mfanyabiashara ni stoo ya mchana na mahali pa kupumzisha miguu. Hicho ndicho unachokinunua kwa hizo dirham 700.

Ningekuwa na kijana wa miaka 25 anayekwenda mwezi mzima kutafuta spea za magari, ningemwambia aende Sharjah bila kusita, kwa sababu eneo la viwanda la Sharjah ndiko spea zilizotumika zinakopatikana na safari za kwenda Deira zingekuwa chache. Mwenye ndugu wa kumpokea huko naye aende. Kwa siku zako sita, kwa mzigo wa nguo na mapazia, na kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, lala Deira.

Lakini hakikisha ni Deira ya kweli unayoitaka. "Katikati ya jiji" ni maneno ambayo kila hoteli huyatumia, na Dubai ina katikati nyingi. Kuna eneo la Burj Khalifa, ghali na mbali na masoko yako. Kuna jengo kubwa la maduka linaloitwa Deira City Centre, na hoteli zilizo jirani nalo huandika kwamba ziko City Centre, mgeni akadhani ndiyo sokoni. Wewe shughuli zako ziko Naif, Al Sabkha, Murshid na Baniyas Square, halafu ng'ambo ya mkono wa bahari kuna soko la vitambaa la Bur Dubai, ambako mnavuka kwa abra, mashua za abiria, kwa dirham 1 kila mtu. Fungua ramani, pima kutoka mlango wa hoteli hadi kituo cha metro cha Baniyas Square au Union. Union ndipo njia nyekundu inayotoka uwanja wa ndege inapokutana na njia ya kijani. Hoteli ikiwa umbali wa kutembea dakika tano, chukua. Ikiwa dakika kumi na tano, kwa joto la Agosti hiyo si hoteli ya karibu na metro hata kama tangazo linasema hivyo.

Metro yenyewe ni safi na ina behewa la wanawake na watoto, mama mdogo atapata kiti. Haifanyi kazi usiku kucha, na hairuhusu mabunda: kila abiria ana haki ya begi moja kubwa na moja dogo. Kutafuna chochote ndani, hata bazoka, faini ni dirham 100. Mzigo mkubwa acha wenye kago waufuate. Wengi wana ofisi hapo hapo Deira na wanajua njia ya Dar es Salaam. Ila kwanza waulize mapokezi kama wanakubali mabunda kufungwa chumbani, kwani zipo hoteli zinazokataza na kutoza.

Kuhusu chumba, andika wakati wa kuweka oda kwamba mnataka vitanda viwili. Usipoandika mtapewa kimoja kikubwa. Uliza kama kuna lifti na kama kuna ngazi za kupanda kabla ya kuifikia, hoteli za zamani za Deira zina ngazi za ajabu mlangoni. Uliza pia kama kuna klabu ya muziki ndani ya jengo. Hoteli nyingi za nyota tatu na nne eneo lile zina klabu ghorofa za chini au juu kabisa, na ngoma hupigwa mpaka usiku wa manane. Hilo halitaandikwa kwenye tangazo. Omba chumba mbali nayo. Soketi zao ni za pini tatu bapa kama hizi zetu, adapta usinunue.

Kama mnapenda kujipikia, tazama hoteli za apatimenti zilizoko Deira hiyo hiyo. Zina jiko dogo, sufuria na friji ya kweli. Kwa watu wawili kwa siku sita mnaweza kufidia sehemu ya bei kwa kutokula mgahawani kila mlo, na mama mdogo hatalala njaa kwa sababu chakula cha wenyewe kimemshinda. Nazipenda sana kwa wasafiri wa umri wake.

Angalia saa ya kufika. Dubai wako mbele yetu kwa saa moja. Tiketi ikisema unafika 02:00 tarehe 12, hiyo ni saa nane usiku wa kuamkia tarehe 12, na kwa hesabu ya hoteli usiku huo ni wa tarehe 11. Ukiweka oda kuanzia tarehe 12, utafika mapokezi saa tisa usiku na kuambiwa chumba ni kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Nimewaona wamama wakilala kwenye makochi ya mapokezi kwa kosa hilo. Ama lipia usiku wa tarehe 11, ama tafuta ndege inayofika mchana. Siku ya kuondoka utatakiwa kutoka saa sita mchana. Mabegi yaache mapokezi, ni bure kwenye hoteli nyingi, wanakupa kikaratasi chenye namba.

Visa haijatoka, kwa hiyo usilipie chumba kisichorudishwa hela, hata kama kina punguzo tamu. Chagua oda ya kughairi bila malipo, na uandike tarehe na saa ya mwisho ya kughairi, ukikumbuka ni saa ya kule. Ndiyo maana wanataka namba ya kadi hata kwenye "lipa ukifika": usipotokea bila kughairi, watakata usiku mmoja au zaidi. Agosti si msimu wa wageni wengi Dubai, vyumba vipo, huna sababu ya kukimbilia. Visa ikitoka, wapigie hoteli moja kwa moja uwaulize bei ya usiku sita ukiwalipa wao wenyewe. Mara nyingi hushuka kidogo au wanaongeza kifungua kinywa.

Ukishaweka oda, ukipokea ujumbe wa WhatsApp wenye jina la hoteli unaokuambia uthibitishe kadi kwa kubofya kiungo, usibofye. Matapeli hupata taarifa za oda na kujifanya hoteli. Namba tatu za nyuma ya kadi hazitumwi kwa ujumbe kwa mtu yeyote. Piga namba ya simu ya hoteli uliyoitafuta mwenyewe, uulize.

Na ukilipia kupitia wakala hapa Mwanza, mwambie akuandikie bei kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mwombe leseni yake uione, na uthibitisho wa oda wenye namba, kisha uwapigie hoteli wakusomee jina lako. Wakala mwaminifu hatakasirika.

Wafanyabiashara wengi hugawa mtaji, nusu kadi nusu taslimu, nami naona ni busara. Ukitoka Tanzania na fedha taslimu zinazofika dola 10,000 au zaidi unatakiwa kutoa tamko kwa forodha, na kule wanataka tamko ukizidisha dirham 60,000. Weka chumbani kwenye sefu, ijaribu kwanza ikiwa tupu uone inafungua.

Pamoja na yote haya hela ikishikwa na isirudi, usianzie Facebook. Kabla hujatoka hotelini omba karatasi inayoonyesha idhini imefutwa, ipige picha. Ukifika Mwanza subiri siku ambazo benki ilikuambia. Zikipita, nenda tawini na karatasi hiyo, risiti ya malipo na taarifa ya akaunti, ujaze fomu ya kupinga muamala. Benki ikikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na tawi lake lipo hapa Mwanza. Ikiwa ni hoteli yenyewe imekutoza usichotumia na meneja amegoma kukusikiliza, ukiwa bado Dubai lalamika kwa Idara ya Uchumi na Utalii. Polisi kwa jambo lisilo la dharura ni 901, la dharura ni 999. Konseli kuu yetu ipo Dubai, andika anwani na simu yake kwenye karatasi kabla hujaondoka, maana simu ikiibiwa namba zimekwenda nayo.

Limebaki la magoti, na hili mimi si daktari. Mpeleke mama mdogo Sekou Toure au Bugando kabla hujakata tiketi, daktari aseme kama anaweza kukaa kwenye ndege saa nyingi na kutembea masoko siku sita. Dawa zake zibebwe kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Umoja wa Falme za Kiarabu, nchi ambayo Dubai imo ndani yake, wako wakali kwa dawa za maumivu zenye kodeini na tramadol, kwa hiyo muulize daktari waziwazi kama zimo kwenye anazotumia. Shirika la ndege liombeni kiti cha magurudumu angalau siku mbili kabla ya safari, ni bure, na uwanja wa Dubai ni mrefu kuliko mnavyofikiri. Daktari akisema asiende, nenda peke yako au na mwenzako wa sokoni, na kama hoteli mmeshaweka, badilisha oda iwe ya mtu mmoja kabla ya ile saa ya mwisho ya kughairi.